Sura ya Sita: Siku 14 za Polisi, Siku 28 Zako

Dereva aliyezoea barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro anajua mambo yanavyokwenda ukipigwa tochi. Askari anakusimamisha, au mwenzake wa mbele anakusubiri akiwa na picha yako kwenye simu. Unaonyeshwa mwendo wako, unaandikiwa shilingi 30,000, unaendelea na safari. Hata ukitaka kubisha, unabisha kumbukumbu ikiwa bado mbichi: unajua lori lipi lilikuwa mbele yako na kibao cha 50 umekipita au bado hujakipita.

Uingereza haiko hivyo. Kamera inapiga picha, hakuna anayekusimamisha, na unaingia nyumbani bila kujua kwamba umekosa. Habari inakuja kwa posta. Inaweza kuja baada ya siku nne, nayo inaweza kuja baada ya wiki tatu, wakati wewe umeshapita barabara hiyo mara nyingi kwenda kazini na kurudi, na safari zote zimechanganyika kichwani. Sura hii inamhusu huyo wa wiki tatu. Sheria ya England na Wales inampa hoja nzito, lakini kila mwaka watu wetu wanaitumia vibaya na kuishia pabaya kuliko pale walipoanzia.

Hoja yenyewe iko katika kifungu cha 1 cha sheria iitwayo Road Traffic Offenders Act ya mwaka 1988. Kifungu hicho kinasema kwamba mtu hawezi kutiwa hatiani kwa mwendokasi, na kwa makosa mengine kadhaa ya barabarani, kama hakuonywa pale pale kwamba huenda akashtakiwa, na pia kama hati ya mashtaka au notisi ya kusudio la kushtaki haikumfikia yeye au mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake, ndani ya siku 14 tangu kosa kutendeka. Notisi hiyo juu yake imeandikwa Notice of Intended Prosecution, na madereva wa huko wanaiita NIP.

Wapo wanaouita utaratibu huu mwanya wa wajanja. Sikubaliani nao hata kidogo. Masharti haya yalikuwepo tayari katika Road Traffic Act ya mwaka 1930, miaka sitini kabla kamera za mwendo hazijaanza kufungwa katika barabara za London. Bunge la wakati ule lilielewa kwamba mtu hawezi kujitetea juu ya jambo asilolikumbuka. Dola ina mashine, ina kumbukumbu za maandishi, ina wafanyakazi wanaolipwa kuzitunza. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku Leicester ana kichwa chake tu. Siku 14 ni kipimo cha muda ambao kichwa hicho kinaweza kutegemewa. Kipimo hiki kinamlinda asiye na hatia pamoja na mwenye hatia, na hakuna njia ya kumlinda wa kwanza bila wa pili.

Sasa tuhesabu. Siku ya kosa yenyewe haihesabiwi. Ukipigwa picha Jumatatu tarehe 3 Machi, siku ya mwisho ni Jumatatu tarehe 17. Kinachotazamwa ni siku barua ilipokufikia, wala si tarehe iliyochapwa juu ya barua au siku polisi walipoitia posta. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa kwa pande zote mbili: mmoja anaona barua imeandikwa tarehe 13 anadhani amekwisha, kumbe imefika tarehe 20, mwingine anaona imefika tarehe 20 anadhani ameshinda, kumbe bado ana mlima wa kupanda.

Mlima huo ni huu: kifungu hicho hicho cha 1 kinasema masharti yatahesabiwa kuwa yametimizwa mpaka kinyume chake kithibitishwe. Anayetakiwa kuthibitisha ni wewe. Huhitaji kuthibitisha pasipo shaka, kama upande wa mashtaka unavyotakiwa kufanya. Inatosha mahakama ione kwamba maelezo yako yana uwezekano mkubwa kuliko kinyume chake. Lakini lazima uyatoe, na lazima yaaminike. Barua ya daraja la kwanza la posta huchukuliwa kuwa imefika siku ya pili ya kazi baada ya kutumwa. Kwa mfano wetu, iliyotumwa Jumatano tarehe 12 inahesabiwa kufika Ijumaa tarehe 14, ndani ya muda. Ukisema imefika tarehe 19, mahakama itakuuliza: unajuaje?

Kwa muda mrefu polisi wengi walijibu hoja hii kwa kusema kwamba wao kazi yao ni kutuma mapema. Posta ikichelewesha, si juu yao. Jibu la mahakama lilikuja mwaka 2009, katika kesi ya Gidden dhidi ya mkuu wa polisi wa Humberside. Notisi ilikuwa imetumwa kwa posta ya daraja la kwanza katika kipindi ambacho wafanyakazi wa posta walikuwa wamegoma. Ilitumwa kwa wakati ambao, posta ikifanya kazi kama kawaida, ingefika ndani ya siku 14. Haikufika. Mahakama Kuu ikaamua kwamba sheria inataka notisi imfikie mtu ndani ya siku 14, na akithibitisha kwamba haikumfikia, dhana ya kwamba ilifika inaanguka na hatia inaanguka nayo. Hatari ya posta kuchelewa inabebwa na anayetuma. Ninaipenda hukumu hii kwa sababu ilikataa kumtwika raia uzembe au bahati mbaya ya ofisi asiyoiongoza.

Angalia lakini kwamba kesi hiyo ilihusu posta ya kawaida ya daraja la kwanza. Barua ikitumwa kwa rejista au kwa njia ya kusainiwa, kwenda kwenye anwani ya mwisho inayojulikana, sheria inaihesabu kuwa imefika hata ikirudishwa kwa aliyetuma. Na kwa upande mwingine, hata rejista haiwasaidii polisi wakichelewa wao wenyewe: tangu kesi ya Nicholson na Tapp ya mwaka 1972 inajulikana kwamba barua iliyotumwa siku ya 14, ambayo kwa mwendo wa kawaida wa posta haiwezi kufika siku hiyo hiyo, haijatimiza masharti. Kwa hiyo kabla hujatupa bahasha, itazame. Muhuri wake, aina ya posta, tarehe kama ipo: hivyo vyote ni ushahidi, na wengi huvitupa kwenye pipa la karatasi kabla hata hawajamaliza kusoma barua.

Swali linalofuata ndilo linalozima hoja nyingi kabla hazijaanza. Je, barua uliyopata ndiyo ya kwanza?

Siku 14 zinahusu notisi ya kwanza, ile inayokwenda kwa mtu ambaye jina lake liko kwenye kadi ya gari, ambayo Waingereza wanaiita V5C na ambayo hutolewa na idara ya DVLA kule Swansea. Ukiendesha gari la kazini, kadi ina jina la kampuni. Ukiendesha gari la kukodi kwa miezi au miaka, mara nyingi kadi ina jina la kampuni ya kukodisha. Polisi wanaiandikia kampuni hiyo, kampuni inajibu kwamba gari lilikuwa kwa fulani, polisi wanamwandikia fulani, na fulani anapata barua siku ya 30. Barua hiyo haijachelewa kisheria, mradi ile ya kwanza ilifika kwa wakati. Gari ulilolinunua wiki iliyopita ni hivyo hivyo: kama DVLA bado wana jina la aliyekuuzia, barua ya kwanza imekwenda kwake. Usianze kubisha mpaka umeuliza polisi kwa maandishi: notisi ya kwanza ilitumwa kwa nani, lini, kwa posta ya aina gani?

Na kuhama. Watu wetu wanahama sana miaka ya mwanzo: chumba Barking, kisha Reading, kisha nyumba ya kushirikiana Coventry. Leseni na kadi ya gari vinabaki na anwani ya chumba cha kwanza. Barua ikipelekwa pale ndani ya siku 14, imepelekwa kwenye anwani ya mwisho inayojulikana. Zaidi ya hapo, kifungu cha 2 cha sheria ile kinasema kuchelewa hakumzuii mtu kutiwa hatiani kama mwenendo wake mwenyewe ulichangia ucheleweshaji, au kama polisi kwa juhudi za kawaida wasingeweza kupata jina na anwani kwa wakati. Kutotoa taarifa ya anwani mpya kwa DVLA ni kosa peke yake, lenye faini inayoweza kufika pauni 1,000. Aliyehama bila kusema hana hoja ya siku 14. Ana matatizo mawili. Vilevile hoja haipo kama uliwahi kusimamishwa na askari akakuonya kwa mdomo, au kama kosa liliambatana na ajali iliyosababishwa na gari lako kuwepo barabarani pale.

Tuseme umeyapita yote hayo. Kadi ina jina lako, anwani ni sahihi, barua ni ya kwanza, imefika siku ya 18. Hapa ndipo ninapoomba usome polepole, kwa sababu hapa ndipo leseni zinapopotea.

Ndani ya bahasha ile kuna vitu viwili, hata kama vimechapwa kwenye karatasi moja. Cha kwanza ni notisi ya kusudio la kushtaki, na hiyo ndiyo yenye siku 14. Cha pili ni agizo la kutaja dereva, lililotolewa chini ya kifungu cha 172 cha Road Traffic Act ya mwaka 1988. Agizo hilo halina siku 14. Linasimama peke yake. Hata notisi ikiwa imechelewa miezi miwili, wewe unatakiwa kujibu nani alikuwa akiendesha, na una siku 28. Usipojibu umetenda kosa jipya kabisa, ambalo halihusiani na mwendo: faini hadi pauni 1,000 na pointi 6 kwenye leseni, chini ya alama ya MS90, inayokaa kwenye leseni miaka minne na ambayo kampuni za bima zinaichukia.

Linganisha. Mwendokasi wa kawaida unaomalizwa bila mahakama ni pauni 100 na pointi 3. Kama mwendo haukuzidi sana, kwa mfano maili 35 hadi 42 kwa saa kwenye barabara ya 30, na hujahudhuria kozi ya mwendo kwa miaka mitatu, mara nyingi unapewa nafasi ya kozi badala ya pointi. Anayekaa kimya kwa sababu ameambiwa barua imechelewa anabadilisha kozi ya saa chache kwa pointi 6.

Na kwa wengi wetu pointi 6 ndio mwisho wa leseni. Leseni ya Tanzania au ya Kenya inakuruhusu kuendesha Uingereza miezi 12 tangu uwe mkazi. Baada ya hapo unafanya mtihani wa kule upya, hata kama umeendesha Scania kutoka Dar hadi Lubumbashi miaka 20. Ukifaulu, sheria inakuhesabu dereva mpya. Kwa Road Traffic (New Drivers) Act ya mwaka 1995, dereva mpya akifikisha pointi 6 ndani ya miaka miwili leseni yake inafutwa, na anaanza tena na leseni ya mwanafunzi na mitihani yote miwili. Mtu mwenye mkono mzoefu wa miaka 20 anarudi kubandika alama nyekundu ya L kwenye gari kwa sababu hakujaza fomu. Dereva wa teksi au mhudumu anayezunguka kwa wagonjwa majumbani amepoteza riziki.

Ushauri wa kutojibu unazunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp, na umevaa nguo za haki: eti huwezi kulazimishwa kujishuhudia mwenyewe. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Ilifikishwa hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg, na Waingereza wawili waliopigwa picha na kamera, O'Halloran na Francis. Wa pili alikuwa akiendesha gari aina ya Alvis la miaka ya 1930. Mwaka 2007 mahakama hiyo, kwa kura 15 dhidi ya 2, iliamua kwamba kumtaka mwenye gari ataje dereva hakuvunji haki ya kunyamaza. Anayemiliki na kuendesha gari, majaji walisema kwa maana hii, anakubali wajibu unaokuja na jambo hilo. Unaweza kuona hukumu ile ni kali, nami naielewa hisia hiyo, lakini mlango umefungwa na hautafunguliwa na fomu yako.

Basi jibu fomu. Jibu ndani ya siku 28, taja jina la kweli, weka saini, tuma kwa njia ya kusainiwa, tunza risiti na nakala. Kama gari hutumiwa na watu wa nyumba nzima na kweli hujui nani aliendesha saa ile, kuna utetezi kwa aliyefanya juhudi za kutosha kujua. Juhudi hizo ziandike: uliomba picha, uliuliza nani, ulitazama ratiba gani ya zamu.

Na usitaje mtu mwingine kukubebea. Wapo waliojaribu wakiwa na mawakili na vyeo. Chris Huhne alipigwa picha kwenye barabara ya M11 mwaka 2003. Vicky Pryce, mkewe wakati ule, akachukua pointi kwa jina lake. Ndoa ilipovunjika jambo likafumuka, naye Huhne, aliyekuwa waziri wa nishati, akajiuzulu. Mwaka 2013 kila mmoja alihukumiwa miezi minane gerezani kwa kupotosha mwenendo wa haki. Pointi 3 zingekuwa zimeshasahaulika. Onyo hilo linamhusu pia anayefikiria kusema barua ilifika siku ya 18 ilhali ilifika siku ya 9. Utayasema hayo kwa kiapo, mkononi ukiwa na Kurani au Biblia, na hoja ya siku 14 ina thamani kwa sababu tu wapo wanaoisema kwa ukweli.

Pamoja na fomu, ambatanisha barua fupi. Sema notisi ilifika tarehe fulani, kwamba siku 14 zilikwisha tarehe fulani, kwamba kadi ya gari ilikuwa na jina na anwani yako sahihi siku ya kosa, na kwamba unaomba kesi isiendelee kwa sababu ya kifungu cha 1. Taja kesi ya Gidden. Omba uthibitisho wa tarehe na njia ya kutuma. Usianze kueleza kwa nini ulikuwa unakimbia, wala kuomba msamaha wa mwendo; barua inayoomba vitu viwili hudhoofisha vyote.

Polisi wakiona kumbukumbu zao zinakubaliana na zako, wanaweza kuachana na jambo hilo hapo hapo. Wasipokubali, watakuletea nafasi ya kozi au ya faini ya pauni 100. Hapa kuna uamuzi mgumu, na ukishalipa au kuhudhuria kozi, hoja yako imekwisha. Maoni yangu ni haya: kama ushahidi wako ni kumbukumbu tu ya kwamba barua ilichelewachelewa, chukua kozi. Kama una mtu wa nyumbani aliyepokea barua akaandika tarehe, bahasha yenye muhuri, picha uliyoipiga kwa simu siku ile, au kumbukumbu ya polisi inayoonyesha walituma siku ya 13, basi simama.

Kusimama kuna gharama zake. Jambo litakwenda kwa hakimu, kwa kawaida likianza na hati ya utaratibu wa hakimu mmoja, na una siku 21 kuijibu kwamba hukubali kosa. Polisi wana miezi sita tangu siku ya kosa kuanzisha mashtaka, kwa hiyo ukimya wa miezi mitatu si ushindi. Usitupe karatasi yoyote. Mahakamani faini ya mwendokasi inapimwa kwa mapato yako ya wiki, kuanzia nusu ya mapato hayo na kupanda kadiri mwendo ulivyozidi, nayo inaweza kufika pauni 1,000, au 2,500 kwenye barabara kuu za magari. Ukishindwa baada ya kesi unaongezewa gharama za upande wa mashtaka, na unakosa punguzo wanalopata wanaokiri mapema. Huo ndio uzito wa kuupima kabla ya kusema hapana.

Siku ya kesi, shahidi wako mkuu ni wewe, na wa pili ni yule aliyeokota barua mlangoni. Si lazima uwe na wakili. Hoja ni moja na inaeleweka. Lakini kama Kiingereza chako cha kazini kinatosha kwa wagonjwa na hakitoshi kwa maswali ya mwendesha mashtaka, omba mkalimani wa Kiswahili mapema, kwenye ile hati ya kujibu. Katika kesi ya jinai mkalimani ni haki yako na halipwi na wewe. Nimesikia watu wakijivunia kukataa mkalimani. Kwenye chumba kile, ambapo kila kitu kinategemea kama hakimu ameamini kwamba barua ilifika Alhamisi na si Jumatatu, sioni fahari ndani yake. Eleza utaratibu wa nyumbani: nani hufungua barua, saa ngapi posta huja, kwa nini unaikumbuka siku ile. Sema unachokijua na uishie hapo. Ukiulizwa kama ulikuwa ukienda kasi, kumbuka kwamba hujaja kukana mwendo. Umekuja kusema kwamba masharti ya sheria hayakutimizwa, na huo ni utetezi kamili.

Ukishinda, hakuna pointi wala faini, na leseni inabaki ilivyokuwa. Kabla hujatoka, omba hakimu aamuru urudishiwe gharama zako kutoka mfuko wa serikali. Nauli inaweza kurudishwa, na chakula cha siku hiyo. Mshahara uliokosa kwa kutokwenda kazini haurudishwi. Tunza tiketi za treni.